Imparfait ya Kifaransa: -li- moja, nyakati mbili

Chukua sentensi mbili: "Wakati ule niliishi Lyon" na "Niliishi Lyon miaka mitatu." Kwa Kiswahili kitenzi ni kile kile, -li- ni ile ile, na hakuna anayeona tatizo. Kifaransa hakikubali. Ya kwanza ni "À cette époque, j'habitais à Lyon", na wakati huo huitwa imparfait; ya pili ni "J'ai habité à Lyon pendant trois ans", na huo huitwa passé composé. Ukibadilishanisha vitenzi hivyo, Mfaransa atakuelewa, lakini atasikia kuna kitu hakijakaa sawa.

Hapo ndipo ugumu wa imparfait ulipo kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Viishio vyenyewe vinakaririka kwa jioni moja. Kinachochukua miezi ni kujua -li- ipi inakwenda imparfait na ipi inakwenda passé composé, na vitabu vingi vya kufundishia havisaidii sana hapo, kwa sababu vimeandikwa kwa ajili ya watu ambao lugha yao haina -ka- wala -ki-. Sisi tunazo, na ni msaada mkubwa tukijua kuzitumia.

Tumalizane kwanza na umbo.

Shina na viishio

Weka kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya nous. Kata -ons. Kinachobaki ndicho shina. Kisha pachika:

je … -ais
tu … -ais
il, elle, on … -ait
nous … -ions
vous … -iez
ils, elles … -aient

Viishio hivi ni vya vitenzi vyote, bila kujali kundi. Nous parlons inatoa je parlais. Nous finissons inatoa je finissais, na hapa wengi huandika "je finais" kwa sababu wametoka kwenye finir moja kwa moja badala ya kupitia nous. Njia hiyo ya nous ndiyo inayokuokoa kwenye vitenzi visivyofuata utaratibu: nous buvons, je buvais, nous prenons, je prenais, nous écrivons, j'écrivais, nous connaissons, je connaissais, nous craignons, je craignais, nous voyons, je voyais. Ukiwa hujui nous ya wakati uliopo, acha imparfait pembeni kwanza, urudi ukaijue hiyo.

Kitenzi kimoja tu kinavunja kanuni hii: être. Nous yake ni sommes, haina -ons ya kukata, kwa hiyo shina lake ni ét-: j'étais, tu étais, il était, nous étions, vous étiez, ils étaient. Vitenzi kama falloir na pleuvoir havina nous kabisa, basi unakariri umbo lao moja: il fallait, il pleuvait. Faire ni ya kawaida kwa maandishi (nous faisons, je faisais), ila matamshi yake yana mtego: "fai" ya faisais haisomwi kama ile ya je fais. Husomwa kwa irabu fupi iliyofifia, ile ile ya je na le.

Kuna mambo matatu ya tahajia yanayokula alama kwenye mitihani.

La kwanza ni g na c. Mbele ya a, herufi g husomwa kama ya "gari" na c husomwa kama k. Kwa hiyo manger hubakiza e ili kulinda sauti yake: je mangeais, il mangeait, ils mangeaient. Commencer hupata kimkia chini ya c: je commençais. Lakini -ions na -iez zinaanza na i, ambayo hailazimishi ulinzi wowote, basi e na kimkia vinaondoka: nous mangions, vous commenciez. Kosa la kawaida ni "nous mangeions". Linatokana na kukata -ons kwenye mangeons kwa uaminifu kupita kiasi.

La pili ni i mbili. Shina la étudier ni étudi-, na kiishio cha nous ni -ions. Unaandika vyote: nous étudiions, vous étudiiez. Inaonekana kama kosa la kuchapa, lakini ndivyo ilivyo. Rire nayo: nous riions. Kwa voir na payer unapata y na i zikifuatana: nous voyions, nous payions. Hiyo i moja ndiyo tofauti pekee ya maandishi kati ya "tunaona" (nous voyons) na "tulikuwa tukiona" (nous voyions), na kwenye mazungumzo ya kasi karibu haisikiki.

La tatu ni vitenzi vinavyobadilika katika wakati uliopo: j'appelle, je jette, j'achète, j'espère. Mabadiliko hayo hutokea pale tu kiishio kinapokuwa kimya. Viishio vya imparfait vinatamkwa vyote, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha: j'appelais kwa l moja, je jetais kwa t moja, j'achetais bila alama, j'espérais kwa é ile ile ya espérer.

Sasa masikio. -ais, -ait na -aient zote zina sauti moja, e ya wazi. Herufi n na t za -aient hazitamkwi hata kidogo. Anayesema "parle-yent" ametoa silabi ambayo haipo. Matokeo yake ni kwamba il parlait na ils parlaient haviwezi kutofautishwa kwa sikio. Kitenzi kikianza na irabu una bahati, maana s ya ils inaungana nayo na kutoa z: il aimait, ils‿aimaient. Vinginevyo unategemea muktadha.

(Ukikutana na chapa za zamani zenye "il étoit" na "j'avois", si makosa. Viishio hivi viliandikwa kwa -oi- kwa karne nyingi, na Académie française iliipokea rasmi -ai- katika toleo la sita la kamusi yake, mwaka 1835.)

Jozi ambayo inafaa kufanyiwa mazoezi ya sauti ni je mangeais na j'ai mangé. Tofauti iko sehemu mbili: mwanzoni, je dhidi ya j'ai, na mwishoni, e ya wazi dhidi ya e ya kubana. Kiswahili kina e moja tu, kwa hiyo mwisho wa neno hauna msaada kwetu mwanzoni. Egemea mwanzo. Ukitamka je kwa ulegevu hadi ikafanana na j'ai, msikilizaji hana namna ya kujua ulimaanisha nini.

Na usichanganye na conditionnel, umbo linalofanya kazi ya -nge- yetu, ambayo hutumia viishio hivi hivi ila juu ya shina lenye r: je parlais, je parlerais, je voulais, je voudrais. Hiyo r inabadili maana kabisa.

Kugawanya -li-

Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba imparfait ni ya mambo yaliyochukua muda mrefu. Yatupe. Miaka mitatu ya Lyon ni mirefu, lakini ilikwenda passé composé. Karne nzima inaweza kwenda passé composé, na nusu dakika inaweza kwenda imparfait. Suala ni kama unaonyesha mwisho wa jambo au la. Imparfait inamweka msikilizaji katikati ya jambo likiwa linaendelea, mwanzo na mwisho wake havionekani. Passé composé inalionyesha jambo likiwa zima, limefungwa.

Kiswahili kina umbo la kufanya kazi hiyo ya kwanza: "alikuwa akisoma", "alikuwa anasoma". Popote unapoweza kuliweka umbo hilo bila sentensi kuharibika, Kifaransa kitataka imparfait. Na popote unapoweza kuweka -ka- ya masimulizi, "akafungua, akaingia, akaketi", Kifaransa kitataka passé composé, au passé simple, wakati uliopita wa maandishi, kwenye riwaya. Uzitazame zote mbili zikifanya kazi hapa:

"Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara ilikuwa tupu. Claire alikuwa akisubiri basi kwa dakika ishirini sasa, na alisikia baridi. Ghafla gari likasimama. Dereva akashusha kioo, akamuuliza stesheni iko wapi. Claire hakujua, ndiyo kwanza alikuwa amefika mjini. Yule bwana akamshukuru, akaondoka zake."

"Il était six heures du soir. Il pleuvait et la rue était vide. Claire attendait le bus depuis vingt minutes et elle avait froid. Tout à coup, une voiture s'est arrêtée. Le conducteur a baissé la vitre et lui a demandé où se trouvait la gare. Claire ne le savait pas : elle venait d'arriver en ville. L'homme l'a remerciée et il est reparti."

Kila -ka- imekuwa passé composé: s'est arrêtée, a baissé, a demandé, a remerciée, est reparti. Ukiviondoa vitenzi hivyo vitano, hakuna tena kisa. Kuna mtu amesimama mvuani tu. Ukiondoa vile vya imparfait, kisa kinabaki, ila kiko hewani, hakina mahali wala hali ya hewa.

Lakini angalia pale ambapo Kiswahili hakikukusaidia. "Alisikia baridi" ina -li- tupu, ila Kifaransa kimesema avait. "Hakujua" nayo ni savait. Vitenzi vya hali, yaani kujua, kupenda, kutaka, kuweza, kuamini, kuogopa, kwa Kiswahili hutosheka na -li- peke yake, kwa sababu maana yao tayari ni ya kitu kinachoendelea. Hakuna anayelazimika kusema "nilikuwa nikijua". Kwa hiyo jaribio la "alikuwa akifanya" linashindwa hapo, na mwanafunzi anaandika "Claire n'a pas su". Kwa vitenzi hivi geuza utaratibu: chukulia kwamba ni imparfait mpaka kuwe na sababu ya kinyume.

Sababu ya kinyume ipo mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na inabadili maana. Je savais ni nilijua, nilikuwa na habari. J'ai su ni nilipata kujua, habari zilinifikia. Je connaissais cet homme: nilikuwa ninamfahamu. J'ai connu cet homme en 1998: ndipo nilipofahamiana naye. Je pouvais sortir: niliweza kutoka, nilikuwa na ruhusa au uwezo, hatujui kama nilitoka. J'ai pu sortir: nilifanikiwa, nilitoka. Je ne voulais pas: sikutaka, moyoni mwangu. Je n'ai pas voulu: nilikataa. Je devais partir: nilitakiwa kuondoka, labda sikuondoka. J'ai dû partir: ilinibidi, na nikaondoka. Katika kile kisa cha Claire, ukiandika "elle a eu froid" unasema baridi ilimshika pale, kama tukio. Si kosa la sarufi, ila ni kisa kingine.

Kile kipande cha "attendait depuis vingt minutes" kinastahili kutazamwa pia. Depuis inahesabu kutoka mwanzo hadi pale tuliposimama, na kusubiri bado kunaendelea, basi imparfait. Badilisha iwe "Claire a attendu le bus pendant vingt minutes": sasa kusubiri kumekwisha, basi limekuja au mtu amekata tamaa. Pendant yenye muda uliopimwa, de… à…, idadi ya mara (trois fois, deux fois), vyote hivyo hufunga jambo na kuita passé composé. Ndiyo maana "Hier, il a plu toute la journée" ni sahihi ingawa mvua ilinyesha kutwa: toute la journée ni kipimo chenye mwisho.

Mazoea ya zamani nayo ni ya imparfait: "Le lundi, je jouais au football." Hiyo le ndogo inabeba maana ya kila Jumatatu, ukiiondoa unapata Jumatatu moja, na kitenzi kinabadilika: "Lundi, j'ai joué au football." Ila usiamini maneno ya muda kwa upofu. Tous les jours kwa kawaida huandamana na imparfait, lakini "Pendant ces vacances, il a plu tous les jours" ni sahihi kabisa, kwa sababu likizo imefungwa na tunaihesabu kama kitu kizima. Souvent na toujours pia zinakwenda kotekote: "J'ai toujours aimé la mer" maana yake naipenda hadi leo.

Msururu wa vitendo nao una mtego wake. Kwa kuwa -ka- ni ya mfuatano, mtu huona mfuatano wowote akakimbilia passé composé. Lakini mfuatano uliokuwa ukijirudia ni wa imparfait kuanzia kitenzi cha kwanza hadi cha mwisho: "Tous les matins, elle se levait à cinq heures, elle buvait son café et elle partait." Mwanafunzi huanza vizuri na se levait, kisha anasahau katikati na kuandika "elle a bu son café". Jiulize: kilitokea mara moja, au kilikuwa kikitokea?

Pale Kiswahili kinapokuvuta pembeni

Kosa la kwanza, na linasikika hata kwa watu wa ngazi ya kati, ni kutafsiri "nilikuwa" kila linapotokea. "Nilikuwa nasoma" linakuwa "j'étais lire" au "j'étais lu". Kiswahili kinahitaji maneno mawili, Kifaransa kinahitaji kimoja: je lisais. J'étais hubaki kwa ajili ya kuwa kwenyewe: j'étais malade, j'étais à la maison. Ukitaka kusisitiza kwamba ulikuwa katikati ya shughuli, kuna j'étais en train de lire, ambayo ni kweli ina être, ila usiitumie kila mahali; itachosha. "Nilikuwa na" ni j'avais, "kulikuwa na" ni il y avait, na "nilikuwa nimesoma" ni wakati mwingine, plus-que-parfait, inayoundwa kwa imparfait ya avoir au être: j'avais lu, j'étais parti.

Kosa la pili linatokana na -nge-. Sisi tunasema "Kama ningekuwa na muda, ningesoma zaidi", pande zote mbili sawa. Masikio yetu yamezoea ulinganifu huo, kwa hiyo tunatoa "Si j'aurais le temps, je lirais". Kifaransa sanifu hakina ulinganifu hapa: upande wa si unachukua imparfait, upande wa pili conditionnel. "Si j'avais le temps, je lirais davantage." Watoto wa Ufaransa wenyewe hulikosea hili, na walimu wao huwafundisha kwa kibwagizo: les si n'aiment pas les -rais. Kibwagizo hicho kinahusu si ya sharti tu. Si yenye maana ya "iwapo", katika swali lililoripotiwa, inakubali conditionnel bila shida: "Je ne savais pas si elle viendrait."

La tatu ni kuripoti maneno. "Alisema anaumwa": Kiswahili kinaacha maneno ya msemaji katika wakati wake. Kifaransa, kitenzi cha kusema kikiwa cha wakati uliopita, huvuta wakati uliopo na kuufanya imparfait: "Il a dit qu'il était malade." Rudi kwa Claire utaliona: "stesheni iko wapi" imekuwa "où se trouvait la gare", ingawa stesheni haijahama.

Na ukanushi. Kiswahili kina -ku- moja kwa zote, "hakula" inaweza kuwa il n'a pas mangé (siku ile) au il ne mangeait pas (hakuwa mlaji wa kitu fulani, au hakuwa akila wakati ule). Kwanza igeuze sentensi iwe ya kukubali, amua hapo, kisha rudisha ne na pas.

Kwa anayeandika kuna hatari moja zaidi: mangeais, mangeait, manger, mangez na mangé vinakaribiana sana kwa sauti, na hata Wafaransa huvichanganya. Dawa ya shuleni kwao ni kubadilisha kwa muda kitenzi cha kundi la tatu, kwa mfano vendre. Ukisikia vendait, andika -ait; ukisikia vendre, andika -er; ukisikia vendu, andika -é.

Matumizi mengine ya kuyatambua

Imparfait si ya wakati uliopita pekee. "Je voulais vous demander un renseignement" husemwa sasa hivi, mbele ya mtu, na wakati uliopita unapunguza ukali wa ombi. "Si on sortait ?" ni pendekezo: vipi tukitoka? Kwa venir de na aller, zikimaanisha "ndiyo kwanza" na "kuwa karibu ku-", imparfait ndiyo njia pekee kwa wakati uliopita: je venais de manger, j'allais partir. "Je suis venu de manger" haina maana hiyo kabisa.

"Un pas de plus et je tombais" haisemi kwamba mtu alikuwa akianguka. Ni nusura aanguke. Watoto wakigawana nafasi za mchezo husema "moi, j'étais le docteur, et toi, tu étais malade", wala hawazungumzii jana.

Halafu kuna ile ya magazeti na vitabu vya historia, inayowachanganya waliokwisha kuielewa kanuni: "Le 5 mai 1821, Napoléon mourait à Sainte-Hélène." Tarehe moja, kifo kimoja, jambo lililokwisha, na bado imparfait. Mwandishi amelipunguza mwendo tukio lililofungwa ili msomaji alitazame likitokea. Karibu kila mara huja na tarehe au kipimo cha muda mwanzoni, na ndivyo utakavyoitambua. Itambue unaposoma, kwenye insha ya mtihani andika mourut au est mort.